Miezi Minne Babeli

Jumapili, 15 Juni. Azaiba, Maskati.

Naanza shajara. Kwa Kiswahili, maana mimi nilikulia Nakuru, lakini mke wangu Nalubega alikulia Masaka na Kiswahili hukisoma kwa shida. Usalama kwanza!

Hali ni hii. Binti yetu Nambi, miaka kumi na sita, anasomea sekondari nyumbani. Nalubega ni muuguzi, anamfundisha hesabu na sayansi. Mimi nasimamia duka la vipuri vya viyoyozi mtaa wa Hamriya. Linafungwa saa saba mchana mpaka saa kumi, na katika saa hizo tatu namfundisha historia ya dunia kwa mtazamo wa Kikristo. Tulianza Februari na Uumbaji. Mwezi huohuo tukafika Babeli. Bado tupo Babeli. Si kosa langu, Nebukadreza ana mambo mengi!

Leo tumebandika ukutani mstari wa miaka yote ya dunia. Vipimo vyangu mwenyewe. Edeni ilipata sebule nzima. Gharika ilipata korido. Tulipofika kuzaliwa kwa Kristo, ulikuwa umebaki mlango wa choo. Nambi aliuliza miaka elfu mbili iliyosalia iende wapi. Nilimwambia tutaona.

Jumatatu, 16 Juni.

Balaa! Ijumaa baada ya ibada (hapa tunaabudu Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko) watoto wa kanisa wanaosomea nyumbani watasimama mbele ya wazazi. Kila mmoja atachota kikaratasi chenye karne fulani, ataieleza kwa dakika tano, kisha ataulizwa mkono wa Mungu ameuona wapi.

Wazo la Kyeyune, nani mwingine? Mhasibu. Ana mabinti pacha, Babirye na Nakato, na ratiba yenye rangi nne. Eti wameshamaliza vita vikuu vyote viwili.

Nalubega amesema, kwa upole wake ule unaotisha, kwamba Nambi akishindwa kusema lolote, somo la historia litahamia kwa Kyeyune.

Saa zile tatu nazipenda kuliko kitu chochote katika mji huu. Mtoto ananisikiliza! Dukani hata fundi mwanagenzi hanisikilizi.

Jumanne, 17 Juni.

Nimekutana kwenye ngazi na Bi Mahfoudha, jirani yetu wa juu. Mama wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, mwalimu mstaafu. Dirisha lake liko juu ya letu. “Baba Nambi,” akaniambia, “nnakusikia kila siku, Babeli, Babeli. Hao watu hawahami?”

Nilicheka kwa adabu. Moyoni sikucheka.

Nambi hupanda kwake kila jioni. Anadai anamsaidia mambo ya simu. Hurudi ananukia udi, halwa mdomoni. Nimemwonya kwamba wiki hii si ya halwa.

Jumatano, 18 Juni.

Nimepata! Nimempigia Kyeyune simu nikajitolea kuandaa vikaratasi. Alishangaa. Akanishukuru, akaniita ndugu. Maskini.

Vikaratasi kumi, karne kumi. Kimoja kina karne ya sita kabla ya Kristo, yaani Babeli, na hicho kitalala kwenye friza. Nambi atapapasa bakuli, ataguswa na baridi, atachota. Kwa karne hiyo mtoto wangu anaweza kusema mpaka Krismasi.

Alhamisi, 19 Juni.

Jaribio sebuleni, kiyoyozi kikiwaka. Kikaratasi kilichokunjwa na kipande chembamba cha barafu ndani hubaki baridi dakika nne. Sayansi!

Nimemweleza Nambi. Akasema huo ni udanganyifu. Nikamkumbusha kuwa Yusufu aliagiza kikombe kifichwe katika gunia la nduguye, na Mungu alikuwa naye. Akauliza kama Yusufu alifanya hivyo ili ndugu yake afaulu mtihani.

Nilimwambia akapige pasi gauni lake.

Ijumaa, 20 Juni.

Niandike nikiwa bado nakumbuka.

Joto nyuzi arobaini na nne. Uwanja wa makanisa Ruwi umejaa magari, tukaegesha mbali, tukatembea juani. Kikaratasi nilikibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Nikakitumbukiza bakulini dakika ya mwisho, kama mwizi. Kisha Kyeyune akafungua kwa sala. Dakika kumi na moja! Aliwaombea hata madereva wa mtaa wa Qurum.

Babirye akachota wa kwanza. Barafu ilikuwa imeyeyuka, akatoa uji wa karatasi. Wino umechuruzika, karatasi haisomeki, na vya jirani vimelowa. Kyeyune akauliza nani aliandaa. Nikasema ni unyevu wa bahari. Nalubega alinitazama na sikumtazama.

Babirye akaruhusiwa kuchota tena. Akapata karne ya kwanza, akaieleza vizuri mno. Ikaja zamu ya Nambi. Karne ya kumi na saba! Mimi nikafumba macho. Kwetu karne hiyo haina hata ukuta.

Nikamsikia anaanza. Wareno hapahapa Maskati. Jinsi Waomani walivyowatoa mwaka 1650, wakawafuata mpaka Mombasa. Ngome, kuzingirwa, njaa. Dakika saba bila kukwama. Nilifumbua macho kuhakikisha ni yeye.

Kyeyune akauliza, Wareno walikuwa Wakristo na wakashindwa, sasa mkono wa Mungu uko wapi? Nambi akasema waliwahi kuuchoma mji huu huku matanga yao yana misalaba. Akasema Nebukadreza naye alipewa ufalme na Mungu, akadhani ameujenga mwenyewe, mpaka akala majani kama ng'ombe. Baba yangu amenifundisha hilo, akasema, kwamba Mungu si askari wa mtu.

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. Kyeyune ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Garini Nambi akakiri. Mwezi mzima Bi Mahfoudha amekuwa akimsomesha ile miaka iliyokosa ukuta kwetu. Aliogopa kuniumiza. Nilimwambia sijaumia. Nimeumia kidogo tu, na nimefurahi sana.

Jumapili, 22 Juni.

Hukumu ya Nalubega imetoka. Historia inabaki kwangu! Masharti: Bi Mahfoudha aendelee jioni, sisi tufike Roma kabla ya Agosti kwisha, na nimwombe Kyeyune msamaha kwa mdomo wangu. Nimekubali yote. Nimempelekea Bi Mahfoudha kilo ya tende. Akasema anatumaini sasa watu wa Babeli watahama.

Kyeyune amenisamehe. Nilitumia nafasi hiyo kujitolea kuongoza sala ya ufunguzi mara ijayo. Nina moja ya sekunde ishirini. Kasoro ilikuwa muda tu, friza haikuwa na kosa lolote.

Saa saba tukaanza safari ya Roma kwa nguvu. Koreshi wa Uajemi, anakaribia Babeli na jeshi lake. Nambi akainua mkono, anatabasamu, akauliza kuta za mji zilikuwa na unene gani siku ile.

Swali zuri sana! Saa kumi ilitukuta bado ukutani. Kesho tutajaribu lango.