Mstari Mmoja Tu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aibu tupu. Juzi usiku, baada ya sherehe ya kumuaga Sammy wa stoo, mimi na Jacklyne wa uhasibu tulisahau mambo mengi. Mpira ni mojawapo. Mimi, Maxwell! Mwimbaji wa besi! Mwenye harusi Agosti! Mchumba wangu Ivyne yuko kwao Vihiga akizungumza na wazee, na Jumamosi anarudi. Siogopi kufa kwa Ukimwi, naogopa kumdhuru yule msichana. (Uongo. Kufa pia naogopa.)

Mpango: kile kipimo cha nyumbani, cha kupitisha kwenye ufizi. Si hapa Kabiria, ambapo kuta zina masikio. Kesho nitakwenda Hurlingham, ambako hakuna anayenijua.

Jumanne, 10 Juni

Lo! Nyuma ya kaunta ya chemisti nani? Mbugua! Mbugua wa kwaya, aliyeninyang'anya solo ya Pasaka! Eti siku hizi ndiko anakofanya kazi. Nikasema kipimo ni cha binamu. Akauliza binamu aliteleza lini. Jumamosi usiku, nikasema. Akaninong'oneza: "Mwambie hiyo kitu saa hii haiwezi kumwambia chochote, bado ni mapema. Aende kliniki leo, apewe dawa za kuzuia. Kesho atakuwa amechelewa."

Wivu mtupu. Huyu anataka solo ya Krismasi pia. Nikanunua viwili.

Nimejipimia katika choo cha ofisini. Mstari mmoja! Mzima kama kigongo! Nikapiga picha, nikamtumia Ivyne pamoja na moyo mwekundu. Ajue anaolewa na mwanamume msafi.

Baadaye. Amejibu: "Babe, mimi sijakuuliza. Ni nini imefanya upime?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nikatoka ofisini mbio bila ruhusa hadi kliniki ya Upper Hill. Sista Munyiva alinisikiliza bila kukunja uso. Akanipima, akasema sina virusi. Nikaruka! Akaniambia niketi kwanza, hiyo ni habari ya zamani. Ya Jumamosi bado haiwezi kuonekana, na kwa kipimo changu cha ufizi inaweza kuchukua hata miezi mitatu. Ila kwa dawa nilikuwa nimewahi. Akanipa vidonge vya mwezi mzima, cha kwanza nikakimeza mbele yake. Akasema Jacklyne naye aje. Nikalia kidogo. Alinipa tishu wala hakunicheka.

Jumamosi, 14 Juni

Ivyne amefika. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, kwamba kampuni ilitulazimisha sote kupima. Nikafungua mdomo, ukweli ukatoka wenyewe. Akalia. Nami nikalia. Chai ikapoa mezani.

Mwishowe akasema Agosti haipo tena. Nisimguse, na habari za harusi atazisikia Sista akisharidhika. Lakini kila jioni atanipigia simu kuhakikisha nimemeza dawa. Hataki nife, akasema, anataka tu kunipiga. Nampenda mno, na angeniacha singekuwa na la kusema.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Mbugua aliuliza hali ya binamu. Nikasema aliwahi kliniki. Akanishika bega, akasema ameshukuru Mungu. Kisha akamwambia mwalimu wa kwaya solo ya Krismasi nipewe mimi. Ni mjanja sana. Nitamchunguza.

Nimerudi nyumbani, nikakumbuka kile kipimo cha pili. Ningekitupa bure? Nikapima. Mstari mmoja! Mbili kwa bila! Ndiyo, Sista alisema ni mapema, lakini huu wa pili hakuuona.

Nikampigia Ivyne papo hapo nimweleze kwamba Agosti sasa inawezekana. Akauliza kama dawa nimemeza. Nikasema ndiyo. Simu ikakatika.

Mtandao wa Kabiria siku hizi ni mbovu sana.