Sakafu Iliyonyooka Kuliko Zote

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimesimama mlangoni mwa bafu letu nikalitazama kwa macho ya mgeni. Masalale! Kumbe tunaogea humu? Vigae vya ukutani ni vya kijani kilichokata tamaa. Bomba linakohoa kwanza, ndipo maji yatoke. Kioo kina madoa meusi. Nikinyoa naona nusu ya uso, nusu nyingine naikisia.

Mama mkwe ametoka hospitali, kapasuliwa nyonga. Jumapili anakuja kuangalia akae wapi, kwetu au kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Bafu la shemeji ni la kisasa, linang'aa mpaka unaona haya kulivulia nguo. Mke wangu amesema anataka kumuuguza mama yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akageuza uso nisimwone. Nikamwambia aniachie mimi. Amenipa akiba yake, kidogo alichonacho, na maagizo: bomba jipya, chuma cha kushikilia ukutani, rangi, basi. Hiyo basi aliirudia.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda dukani kununua bomba. Sikufika kwenye mabomba. Nimekutana na marumaru! Si marumaru yenyewe, ni plastiki ya kukata kwa mita, imeviringishwa kama mkeka. Lakini ina mishipa ya kijivu, ina mng'ao, ina kila kitu isipokuwa uzito. Nimeipapasa. Nimeinusa. Muuza duka akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamjibu nimekipata. Akanionya kwamba wenzangu huitandika sebuleni. Nilimwonea huruma. Anakaa na uzuri wote ule na haoni mbali.

Chuma kitasubiri. Bomba nalo linakohoa tu, halijafa.

Jumatano, tarehe 5

Ajabu ya maajabu! Nimegundua aibu iliyojificha ndani ya nyumba hii tangu tuhamie. Nimeweka gololi katikati ya bafu ili nione saruji ya zamani ilivyokaa. Ikaondoka yenyewe! Ikabingiria taratibu mpaka kwenye kile kitundu cha kona, ikatumbukia. Nikaweka nyingine. Vilevile! Sakafu nzima imekwenda upande. Fundi aliyeijenga sijui alikuwa amekunywa nini. Na sisi tumeogea mteremkoni kama mbuzi, bila kulalamika.

Marumaru yangu haiwezi kulala juu ya upuuzi huo. Nimenunua saruji. Mke wangu nimemwambia ni rangi ya unga, na kwa sasa aoge kwa jirani.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeisawazisha mwenyewe, kwa ubao na magoti. Gololi haiendi popote! Nimejilaza shavu sakafuni kuitazama. Imetulia tuli. Nusura nilie. Kile kitundu cha kona nimekiziba kabisa, maana mende wote wa nyumba hii hutokea humo. Shida mbili, mwiko mmoja wa saruji.

Jioni nikabandika marumaru. Mke wangu alipoiona akashika mdomo. Akakiri ni nzuri kweli. Kisha akauliza chuma kiko wapi. Nikamuuliza, juu ya sakafu iliyonyooka hivi, nani ataanguka? Nimepiga marufuku mtu kuoga kabla ya mgeni.

Jumapili, tarehe 9

Mama mkwe amekuja na fimbo yake, shemeji nyuma amebeba mkoba na kiburi. Mama akasema anatamani kuoga. Shemeji akawahi kumfungulia bomba ajaze ndoo. Bomba likakohoa, likamwaga maji sakafuni.

Sijawahi kuona maji yakitembea kwa adabu namna ile. Hayakupendelea kona yoyote. Yalitandaa bafu zima, yakavuka kizingiti, yakapita ukumbini, yakaingia sebuleni chini ya makochi. Aliyekuwa na shaka na unyoofu wa sakafu yangu, leo ameridhika. Shemeji akauliza nilitegemea maji yapitie wapi kutoka. Swali zuri, ila sikupata nafasi ya kulijibu.

Maana Mama alikuwa ameshakanyaga. Mguu ukateleza. Akanyoosha mkono ukutani atafute pa kushika, hakuna. Nikanyoosha mikono, nikakumbuka huyu ni mkwe, mtu hamdaki mkwewe kiunoni. Nikiwa bado nafikiria heshima, shemeji akamdaka.

Mke wangu aliutazama ule ukuta mtupu tu. Afadhali angenitukana. Shemeji amesema Mama alale hapa leo tu, kesho atakuja kumchukua.

Jumatatu, tarehe 10

Asubuhi mke wangu ametundika mashuka kwenye kamba za nguo uani, akaweka kiti cha plastiki na ndoo ya maji ya moto, akamwogesha mama yake. Mimi, kwa kuwa ni mkwe, nikajiondokea mpaka mlango wa mbele. Hata huko nikasikia maji yakimwagika. Kisha kicheko. Kisha vicheko viwili! Cha mke wangu sikuwa nimekisikia tangu mama yake alazwe. Nilisimama pale kama niliyepigiliwa misumari.

Shemeji akaja. Mama akatoka ananukia sabuni, akamwambia arudi zake. Kwa shemeji ataogea nyuma ya mlango uliofungwa, peke yake, kama mgeni. Hapa ana mkono wa bintiye. Anabaki.

Jumanne, tarehe 11

Mke wangu amenunua chuma mwenyewe na kumwita fundi aje kuvunja sakafu yangu. Sina kinyongo. Imeshafanya kazi yake: Mama aliiona, akabaki.

Leo tena wameogea uani. Walipomaliza nikaenda kutoa kiti. Nikapigwa na butwaa! Maji yote yalikuwa yamekimbilia upande mmoja, kwenye mtaro wa kando ya ukuta, halijabaki hata tone. Ua mzima umekwenda upande! Na mgonjwa wa nyonga ndipo anapokalishwa!

Saruji imebaki. Nimeificha chini ya kitanda. Kesho wanakwenda kliniki, na hawatarudi mapema.