Redio Iliyoamka Saa Nane

Leo nimeaibika mchana kweupe, uani kwangu, mbele ya majirani. Nawaambia mwenyewe kabla Fundi Rajabu hajawafikia, maana yule akikaa kwenye cherehani mdomo nao unashona.

Redio yangu mnaijua. Ndiyo pekee mtaani kwetu hapa Maganzo. Mnamjua pia Mama Kabula, jirani yangu ninayechangia naye ukuta. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali huko Mwanza, wiki ya tatu sasa, na kaka yake alimwambia, "Likitokea la kutokea, nitatangaza redioni." Basi kila saa saba mchana na kila jioni, matangazo ya vifo yakikaribia, Mama Kabula anakuja na kigoda chake. Anasikiliza majina yote mpaka mwisho. La baba yake lisipotajwa anasema, "Haya, tumshukuru Mungu," anabeba kigoda anaondoka.

Mimi nikaona anasikia kwa shida. (Hakuwahi kulalamika. Kiherehere changu tu.) Jana alasiri nikaifungua redio. Nikaweka spika kubwa niliyoitoa kwenye lori bovu. Betri nane za tochi nikazianika juani zipate nguvu, mahali pake nikaleta betri ya gari. Swichi nikairuka, nikaunga waya moja kwa moja, kwa kuwa niliamini swichi inakula moto wa betri. (Nani aliniambia? Hakuna.) Jioni ikanikuta vipande bado viko mkekani. Nikamwambia Mama Kabula, "Leo nisamehe. Kesho utasikia kama msomaji yuko hapa uani."

Leo saa saba kasoro robo alishakaa. Wengine nao walikuja, maana nilikuwa nimejitapa mtaa mzima. Nikaunga waya. Kimya.

Nikazungusha sauti hadi mwisho. Kimya. Nikapanda juu ya bati kunyoosha waya wa antena. Kimya. Nikarudisha zile betri za juani. Kimya. Nikalaumu kuku kwamba wamekanyaga waya. Katika kuhangaika, kile kidude cha kuzungushia sauti kikachomoka, kikapotelea mchangani.

Mama Kabula akauliza taratibu, "Baba Limi, hayajaisha?"

"Bado, mayu, mama yangu."

Nilimdanganya. Nilijua yameisha zamani.

Ilipofika saa nane Fundi Rajabu akachuchumaa. "Huu waya umeutoa wapi?"

"Kwenye dinamo ya lori."

"Umeukwangua?"

"Nikwangue nini? Si shaba tupu hiyo?"

"Hiyo imepakwa vanishi, ndugu yangu. Moto haupiti." Akatoa wembe wake wa kufumulia nyuzi, akaanza kukwangua. (Mshona nguo. Na mimi ndiye mnayeniita fundi redio.)

Hapo akaingia binamu yake Mama Kabula na baiskeli, gunia la unga wa msiba kwenye keria. Akashangaa kumkuta amekaa. "Dada, bado uko hapa? Wametangaza jana jioni, wakarudia leo saa saba. Baba wanamzika saa tisa, kule nyumbani, ng'ambo ya Songwa."

Mama Kabula akashika kichwa, akafungua mdomo alie. Na Rajabu, ambaye aliinamia kazi yake na hakuwa amesikia, akagusanisha waya.

Muziki wa dansi ukalipuka. Tarumbeta, magitaa, mtu anamwimbia mpenzi wake. Sauti iko mwisho, kidude hakipo, swichi nimeiruka. Bibi Holo, ambaye masikio yake yalishachoka, akasikia redio kwa mara ya kwanza mwaka huu, akaanza kutikisa mabega. Mwanamke analia na kilio chake hakisikiki. Nikavuta waya kwa mikono miwili mpaka ukakatika, nikaanguka nao chali.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Binamu alikuwa na gunia, kwa hiyo Mama Kabula nimempakia mimi, kwenye baiskeli yangu. Njia nzima sikuthubutu kugeuka. Nilikanyaga pedeli mpaka mapaja yakawaka. Tulipofika, wanaume walikuwa wananawa udongo mikononi.

Kaka yake akatujia. "Mbona mmechelewa hivi?"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mama Kabula akanitangulia. "Tairi lilipasuka njiani. Baba Limi amehangaika sana kunifikisha." Binamu yake akatazama chini.

Yule kaka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, bado ina maji, akanishukuru. Wakanikalisha na wanaume, wakaniletea ugali. Nikala.

Nimerudi sasa hivi, vumbi bado limo kwenye suruali. Kuhusu ule muziki, chekeni, nimewaruhusu. Ila mtu aliyekosa kumzika baba yake kwa sababu yangu ndiye aliyenisitiri. Hapo naomba asicheke mtu.