Ombi la Bia Isiyo na Ladha

Kwa Mpishi Mkuu na Mmiliki,
Kiwanda Kidogo cha Bia,
Chumba cha Nyuma (palipokuwa gereji ya baba mkwe).

Shemeji mpendwa na mheshimiwa,

YAHUSU: OMBI LA KUPIKIWA BIA ISIYO NA LADHA YOYOTE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono imeloa na sufuria haijafurika. Sisi huku ni wazima, isipokuwa ndimi zetu, na hizo ndizo zilizonishikisha kalamu. Ningeweza kuja kukueleza mwenyewe, maana kati ya mlango wangu na wako ni barabara tu ya kuvuka. Lakini kila nikifika hapo unanitia kitu mkononi nionje kabla sijafungua mdomo kwa jambo langu, na nikishaonja nasahau kilichonileta. Karatasi haionjeshwi.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Kabla hujaacha kazi ya benki ukanunua yale masufuria, sisi watatu, yaani mimi mwalimu wa udereva, Daktari wa Meno na Fundi Bomba, tulikuwa tukikutana kila Jumamosi mchana na kunywa bia ya kreti, ile ya siku zote. Haikuwa tamu, haikuwa mbaya. Tuliinywa kama mtu anavyokalia kiti: umewahi kumsikia nani akikisifu kiti? Tulikaa, tukazungumza. Magoti ya nani yanauma, mtoto wa nani kafeli, nani kamkopesha nani ngazi na ngazi haijarudi. Bia ilikuwa mezani, sisi tulikuwa kwenye mazungumzo, na kila mmoja alijua mahali pake.

Sasa bia imehamia kwenye mazungumzo na sisi tumebaki mezani kama chupa. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, usije ukasema naropoka kama kawaida yangu.

1. Kuhusu kipimo. Vile vijiglasi vyako ni vya dawa ya kikohozi. Mtu mzima mwenye kitambi alichokijenga kwa jasho na subira hawezi kupewa bia ya kulowesha masharubu tu, halafu aambiwe afumbe macho na "aisikilize". Mimi nimeisikiliza, Shemeji. Inasema ni kidogo.

2. Kuhusu maneno. Tangu uanze kututaka tueleze tunachokionja, nimelazimika kukubali kwamba mdomoni mwangu mna ngozi ya kiti cha gari jipya, moshi wa jikoni kwa jirani, ganda la chungwa lililosahaulika mfukoni, na msumari ulionyeshewa mvua. Ukweli ni kwamba ulimi wangu ni wa mwalimu wa udereva, kazi yake ni kusema "breki" kwa wakati. Mimi katika bia zako zote naonja bia. Kwa kuogopa kuonekana mshamba nilibuni sentensi moja, nayo ni hii: "Inachelewa kufika, lakini ikifika, imefika." Niliitamka mara ya kwanza kwa aibu. Daktari akaweka glasi chini, akanitazama kama aliyeng'olewa jino bila maumivu. Wewe ukaiandika ubaoni. Tangu hapo naitumia kwa kila chupa na heshima yangu inazidi kupanda. Jamii inayoendeshwa hivi haina mwisho mwema.

3. Kuhusu nyumba yangu. Ugonjwa huu haukubaki kwenye gereji. Asubuhi moja dada yako alinipa chai, nami bila kukusudia nikaizungusha kikombeni, nikanusa, nikamwambia: "Mwanzo mzuri, ila katikati pamelegea." Tangu siku hiyo chai najipikia mwenyewe, na nakuthibitishia kwamba imelegea mwanzo, katikati na mwisho. Hata kazini sijasalimika. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima anayeogopa mzunguko wa barabara kama mtu anayeogopa mbwa, aliuzunguka siku hiyo kwa mara ya kwanza bila kupiga kelele, akaniuliza ameendeshaje. Nikamjibu kwamba umalizio ulikuwa mkavu kidogo. Alilia, Shemeji. Ikabidi nimnunulie soda. Naye Daktari amekiri kwamba wagonjwa wakisukutua, siku hizi anawauliza maji wameyaonaje.

4. Kuhusu Sheria ya Meza, na hapa naomba uvute kiti. Sheria uliitunga wewe na ukaibandika juu ya friji: chupa ikishafunguliwa, ni marufuku kuzungumza jambo lisilo la bia mpaka kila mtu atoe hukumu yake, na atakayevunja ataosha glasi. Nia nilikuelewa, ulitaka tuwe makini. Lakini chupa moja haijaisha, umeshafungua nyingine. Kwa hiyo muda wa kuzungumza mambo mengine upo kisheria, ila haujawahi kufika.

Utakumbuka kwamba majuzi Fundi Bomba alifungua kinywa akasema, "Jamani, binti yangu..." Hakumaliza. Uligonga glasi kwa kijiko, mimi nikacheka, na Daktari akamrushia kitambaa cha kuoshea. Aliosha. Jumamosi iliyofuata akaanza tena, "Mnajua, kule kwa binti yangu..." Kijiko kikalia. Akaosha tena, safari hii akipiga mluzi.

Halafu akaacha kuvunja sheria. Tukafurahi kwamba amekomaa. Jumamosi iliyopita, ulipofungua ile ya ngano, chupa ya tatu, alinusa muda mrefu akasema: "Hii ina harufu ya utosi wa mtoto mchanga." Tulishangilia! Daktari alipiga meza: "Maziwa! Maziwa ya vuguvugu, nimeyapata!" Wewe ukaandika UTOSI kwa herufi kubwa ukampa mkono. Ile nyeusi nzito ilipofunguliwa, alisema inamkumbusha nyumba kubwa yenye mtu mmoja. Daktari akafumba macho, akasema ni kweli, inaacha mwangwi nyuma ya magego. Mimi nikasema inachelewa kufika. Na ile ya mwisho, iliyokuwa na ukungu, alikaa nayo mdomoni mpaka tukadhani ameimeza, kisha akasema taratibu: "Hii ni kama mtu anayeitwa mahali, hajui aende au abaki." Na wewe, Shemeji, kwa uzito wa kitaalamu, ukamjibu: "Hiyo ni hamira, bado haijaamua. Usiisukume. Ipeleke penye joto uiache, itaamua yenyewe."

Tukaenda nyumbani tukiwa tumeridhika kabisa.

Jumatatu dada yako akaniuliza, mikono kiunoni, kama tumempa Fundi hongera. Nikamuuliza hongera ya nini. Akanitazama kama anavyoitazama ile chai. Kumbe binti yake Fundi amejifungua, mtoto wa kwanza, na Fundi ni babu. Kumbe binti, kwa kuwa mama yake hayupo tena duniani, anamtaka baba yake ahame akakae nao huko mji wa mbali. Kumbe Fundi anazunguka peke yake katika ile nyumba ya vyumba vingi akijiuliza. Habari hizo dada yako alizipata kwa muuza duka, anayezijua zote, kwa sababu dukani kwake hakuna mtu anayegonga glasi kwa kijiko.

Nilikaa kitandani na soksi moja. Mwenzetu alikuja na mzigo, akatafuta pa kuutua, na sisi tukampa alama.

5. Kwa hiyo, Ndugu Mpishi, ombi langu. Naomba kwa heshima zote utupikie bia isiyo na ladha. Isiwe chungu wala tamu. Isiwe na harufu, povu la kujadiliwa, wala rangi ya kuinua mbele ya dirisha. Isiwe na jina. Usituambie maji yake umeyatoa wapi wala shayiri yake ililala kwenye mbao gani. Iwe bia ambayo mtu akiimeza hana la kusema, akitazama pembeni amwone mwenzake, na kwa kukosa cha kufanya amuulize: "Vipi nyumbani?"

Najua utasema basi tunywe maji. Maji tumeyajaribu, mimi na wenzangu, Jumatano kwangu, wewe ukiwa umekwenda kufuata chupa. Nilitaka tumwulize Fundi habari zake kwa utulivu. Kabla sijafika huko, Daktari alipiga funda moja akasema anapata shaba kidogo, shaba ya bomba la zamani. Fundi, ambaye mabomba ya nyumba hii aliyalaza kwa mikono yake, akasema bomba lote ni plastiki na hiyo shaba Daktari ameibeba kwenye meno yake mwenyewe. Walibishana mpaka dada yako akaanza kufagia chini ya miguu yao. Nikaombwa niamue. Nikasema yanachelewa kufika.

Ukishindwa kuipika, njia iliyobaki ni ya kitabibu. Nimemwomba Daktari, kila Jumamosi kabla hatujakaa, atuchome ile sindano ya ganzi, kila mtu ulimi wake, ili tusionje chochote. Alikubali kwa moyo mkunjufu na akapendekeza tuanze na mimi. Tatizo tuliloliona baadaye ni kwamba mtu mwenye ganzi ya ulimi haonji, na pia hasemi. Tutakaa hapo tunadondosha mate tukitazamana, na Fundi hatasaidika kwa lolote. Kwa hiyo tumerudi kwako. Wewe ndiye uliyetuharibu, wewe ndiye wa kututengeneza, kabla mwenzetu hajaamua peke yake jambo ambalo alitaka kuliamua na sisi.

Nategemea majibu yako mapema, nami nakuahidi kwamba bia hiyo ikiwa tayari sitasema neno lolote juu yake, hata lile langu.

Nisalimie mama mkwe, umwambie goti langu linaliitikia lake kila mvua ikikaribia. Wasalimie wanao wote, na yule paka anayelala juu ya magunia ya kimea, ambaye ndiye peke yake hapo anayekunywa maziwa bila kutoa maoni. Wasalimie wote watakaouliza hali yangu, na wasiouliza wasalimie zaidi.

Ni mimi mume wa dada yako, mwenye kiu ya mazungumzo,

Mwalimu wa Udereva.

Nyongeza baada ya sahihi: Shemeji, barua hii ilikuwa mezani jikoni ikisubiri bahasha, na Fundi Bomba akaja kutazama sinki linalovuja. Dada yako akampa aisome. Hakuniuliza, unamjua dada yako. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Fundi alicheka mpaka spana ikatumbukia kwenye ndoo.

Alipopata pumzi alisema kwamba simu anayo na namba zetu anazo. Angetaka kutuambia, angetuambia siku yoyote. Lakini alijua ingekuwaje: angeniambia nyumba ni kubwa na yuko peke yake, nami ningesema pole sana kaka, halafu mpira. Daktari angemletea vidonge vya usingizi. Pale mezani alilisema lile jambo, na watu wazima watatu wakanyamaza, wakafumba macho, wakalitafuta midomoni mwao mpaka wakalipata. Anasema tangu amzike mkewe hajawahi kusikilizwa namna ile. Na ushauri aliupata kwako siku hiyo hiyo: anakwenda kwa binti yake, penye joto, akae bila kujisukuma, mpaka aamue.

Kwa hiyo ombi langu lote hapo juu lifute. Kama ile bia isiyo na ladha ulishaanza kuipika, imwage, paka asiionje. Sheria ya Meza ibaki palepale juu ya friji. Vijiglasi navyo vibaki, na Jumamosi hii nitaviosha mimi, kwa kosa la kuandika mambo yasiyo ya bia.

Halafu mwekee Fundi chupa moja ya ile ya ngano, uifunge vizuri kwenye gazeti, maana ndiye atakayeibeba na mimi ndiye nitakayempeleka stendi. Anataka akifika huko, kabla hajasalimia hata mkwewe, anuse utosi wa mjukuu, kisha anuse chupa, aje atuambie kama tulipatia.