Rafu Tatu, Bila Damu Wala Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na mpango. Siku njema!

Siku nilipostaafu, wenzangu wa masjala walinipa drili ya betri. Betri mbili, chaja moja, sanduku la plastiki lenye kishikio. Miaka thelathini na moja nimepanga mafaili, na hatimaye nina kitu kinachonguruma. Wiki tatu sasa naifungua na kuifunga tu. Haitoshi. Nataka chumba. Kile cha uani, chenye dirisha dogo na mlango unaokwama. Karakana yangu!

Tatizo ni Shemeji, mdogo wake mke wangu, tunayeishi naye. Yeye ni seremala, na mbao zake zimejaa mpaka chini ya kitanda chake. Naye anakitaka chumba. Amekiomba kwa sauti ya chini, kwa adabu, na baada ya chai akaosha vikombe. Mtu wa hila sana.

Mke wangu ni fundi wa nguo, na hukata maneno kama anavyokata vitambaa. Ametoa masharti papo hapo. Jikoni panatakiwa rafu tatu. Mama yake anakuja Jumamosi saa sita mchana. Nikizipachika zote kabla hajafika, bila damu wala moshi, chumba ni changu. Nikishindwa, ni cha Shemeji. Nikamuuliza moshi umeingiaje hapo. Akasema ananijua.

Shemeji akanisogelea na ushauri ambao sikumwomba. Nisome kijitabu cha maelezo ya drili kwanza. Nivae miwani ya kinga. Nichomoe betri kila ninapobadilisha biti, kile chuma cha kutobolea, maana kidole kikigusa kitufe kwa bahati mbaya, mashine haiulizi. Nikamjibu kwamba nimesoma nyaraka nyingi kuliko mbao alizowahi kuranda. Kijitabu nimekitia kwenye faili na kukigonga muhuri: IMEONEKANA.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanzisha utawala. Mafundi wanaharibikiwa kwa sababu hawana utawala.

Betri zangu ni watumishi wawili, kwa hiyo nimewafungulia daftari la mahudhurio. Namba Moja: zamu ya asubuhi. Namba Mbili: likizo. Mtumishi aliye likizo lazima apumzike mahali pa baridi. Nimemweka kwenye friji, droo ya mboga.

Kisha kazi yenyewe. Nimevaa tai, kama siku zote za kazi. Nikaukandamiza ubao kwa goti, nikainama vizuri nione alama, nikabonyeza kitufe. Tai ikaingia! Drili ilinivuta kwa pupa mpaka ikabaki inchi moja kufika puani. Namshukuru Mungu niliachia kitufe. Nilikaa nimeinama hivyo kwa robo saa, maana kuita msaada siku ya pili ya kazi ni aibu. Mke wangu akapita akielekea uani. Nikamwambia naikagua mashine kwa karibu. Akachukua mkasi wake, akaikata tai, akaendelea na safari yake.

Damu: hakuna. Nimeandika daftarini.

Saa kumi jioni, yowe jikoni. Amemkuta Namba Mbili kati ya nyanya na karoti. Nikamweleza habari za likizo. Akasema mtumishi huyo akionekana tena kwenye mboga zake, atastaafishwa pamoja na bosi wake. Nimemtoa. Ana umande kichwani, lakini sura yake ni ya mtu aliyepumzika.

Jumatano, 5 Machi

Namba Mbili anagoma. Nimempachika kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa tu. Nimemwandikia barua ya onyo.

Shemeji akapita, akaisoma barua, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza, kwa ule upole wake unaokera. Betri ikiwa baridi sana au moto sana, chaja inaikataa. Friji si mahali pake. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, iachwe mezani ikauke kabisa, irudie joto la kawaida, ndipo ichajiwe. Na nisiifunike kitu ikiwa inachaji. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Nikaiacha mezani kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingine, na alasiri ikachaji bila shida. Ile barua imefanya kazi.

Rafu ya kwanza imepanda! Matundu manne. La tatu lilinitoa jasho, maana biti imekuwa butu. Shemeji anasema biti butu haisukumwi, inabadilishwa. Mimi nikailalia drili kwa kifua chote. Ukuta ukatoa vumbi, macho yakajaa mchanga, drili ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Harufu si moshi! Nimeyapitia masharti tena kichwani: yanasema moshi.

Rafu imeinama kidogo kushoto. Chungwa likiwekwa linasafiri, ila polepole.

Nilivuta kiti nikakaa nikaiangalia. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitengeneza kitu ambacho mtu anaweza kukishika. Mke wangu akaja na vikombe viwili vya chai, akasimama kando yangu. Akasema imepinda. Akanywa kidogo. Akasema lakini ni rafu. Nimeyaandika maneno hayo hapa ili yawe kumbukumbu rasmi. Nimefurahi mno, sifichi.

Alhamisi, 6 Machi

Usafi.

Matundu ya hewa ya drili yamejaa vumbi la ukuta. Shemeji hupiga mashine zake brashi ndogo kavu kila jioni, taratibu, kama anayemchana mtoto nywele. Mimi sina muda wa mambo ya saluni. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo. Betri nilichomoa kwanza. Mimi si mjinga.

Drili imetakata! Nikaibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kati ya shati langu na shuka.

Shemeji alipoiona aliweka mikono kichwani. Hakucheka safari hii, na hilo likanitisha kuliko kucheka. Akasema mashine hizi hazioshwi, zinapanguswa na kupulizwa vumbi basi, kwa maana ndani kuna nyaya na mota, si masufuria. Akaiteremsha, akaifungua kwa bisibisi ndogo, akavitandaza vipande kivulini juu ya gazeti. Kimoja kimoja akakifuta. Akaniagiza nisiiguse hadi kesho.

Siku nzima imepotea. Nimekaa barazani nikitafakari. Kwa nini mtu amtengenezee mpinzani wake silaha? Kuna jambo hapa. Labda ananichelewesha kwa makusudi. Nimemchunguza wakati wa chakula cha mchana, akanipa kipande kikubwa cha nyama. Mbinu nzito kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ndefu. Naandika nimekaa upande mmoja.

Asubuhi ilianza vyema. Shemeji amenirudishia drili, inanguruma kama mpya. Pia “alisahau” pimamaji yake juu ya meza ya jikoni, na kando yake biti mpya. Nilijitia hamnazo, nikavitumia vyote. Rafu ya pili imenyooka! Nimeweka chungwa. Limetulia.

Ikabaki ya tatu. Hapo nikagundua kinachonipotezea muda: kushuka na kupanda kigoda. Skrubu ziko chini, betri ya akiba iko chini, mimi niko juu. Dawa ni mifuko! Mke wangu alikuwa ameniwekea tayari suruali mpya aliyonishonea kwa ajili ya mgeni, yenye mifuko mipana. Nikaivaa mapema. Mfuko wa kulia nikatia skrubu kiasi cha kiganja, funguo za nyumba, na Namba Mbili akiwa amechajiwa hadi pomoni.

Kweli, Shemeji alikwishasema. Betri isikae pamoja na vitu vya chuma. Vikigusa vile vibati vyake viwili kwa pamoja, umeme unakimbia ndani yake bila kupita kwenye mashine. Lakini alisema kuhusu sanduku. Mfuko hakuutaja.

Saa nne hodi. Mama mkwe! Siku moja kabla! Akaingia moja kwa moja hadi jikoni na mkoba wake mkubwa. Nikiwa juu ya kigoda nikampa shikamoo. Hapohapo nikahisi joto pajani. Nikadhani ni furaha ya kumwona. Joto likazidi. Sijawahi kumpenda mama mkwe kiasi hicho. Kisha ukatoka mfukoni uzi mwembamba wa moshi.

Nilikuwa na vitu viwili vya kuokoa, heshima na paja. Nikaokoa paja. Suruali ilivuka jiko lote na kuangukia sakafuni karibu na mlango wa uani. Mama mkwe akajifunika uso kwa mkoba. Halafu akaufunua. Nilikuwa nimebaki na bukta ambayo mke wangu aliishona kwa mabaki ya pazia la jikoni. Mama akanitazama mimi, akatazama dirisha, akanitazama tena mimi.

Shemeji alifika mbio na sepetu. Akatupigia kelele tusogee kando, hakuna kugusa. Akaizoa suruali, akaitoa hadi katikati ya uwanja, mbali na kuta na mbao, akatuzuia wote mlangoni. Ikapiga cheche, ikafuka, ikatulia. Namba Mbili amefariki akiwa kazini. Shemeji atampeleka kwenye duka wanalopokea betri zilizokufa, maana hazitupwi na takataka.

Mama mkwe ndipo aliposema marahaba.

Jumamosi, 8 Machi

Rafu ya tatu ameipachika Shemeji asubuhi kwa dakika kumi na mbili. Miwani machoni, ubao umebanwa kwenye jiriwa, betri nje kila akibadilisha biti. Hakuna kilichotokea. Inachosha hata kutazama.

Saa sita mke wangu ametoa hukumu. Damu, hakuna, lengelenge la pajani halihesabiwi. Moshi, upo, na shahidi ni mama yake mzazi. Rafu nilizopachika ni mbili. Chumba ni cha Shemeji.

Nilisema sawa. Nikatoka uani taratibu nisionekane uso. Iliniuma, na sina sababu ya kudanganya shajara yangu mwenyewe. Tangu nistaafu naamka saa kumi na mbili, navaa, na hakuna mahali ninakosubiriwa. Nilitaka mlango mmoja wa kufungua asubuhi. Nikakaa sakafuni mle chumbani kuuaga ukuta ambapo ningening'iniza vifaa vyangu.

Shemeji akaingia. Hakunipa pole. Akatoa chaki mfukoni, akachora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani. Upande wa dirisha akasema ni wangu. Akaongeza kwamba kufanya kazi peke yake kunamchosha, redio anaisemesha na haijibu. Ila kuna kanuni saba, na amezibandika mlangoni. Nikazitia sahihi zote. Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia ni vumbi. Akasema ndiyo maana kanuni ya kwanza ni miwani.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nadhani alijua tangu Jumatatu.

Nina karakana! Nusu, lakini ina dirisha!

Jumapili, 9 Machi

Wote watatu wametoka kuwatembelea ndugu. Nimebaki peke yangu na karakana. Amani iliyoje! Nimefagia nusu yangu. Nimefagia na nusu ya Shemeji, kwa ujirani mwema. Hapo ndipo nilipokutana ana kwa ana na msumeno wake wa duara wa betri.

Betri yake ameichomoa na kuondoka nayo. Hana imani na watu. Lakini Namba Moja nimemjaribu pale, ameingia bila kulazimishwa. Nilitaka tu kukata ubao mmoja wa kuandika KARAKANA.

Kanuni ya nne inasema kile kifuniko cha kinga kinachoshuka juu ya meno kisizuiwe kwa namna yoyote. Nakubaliana nayo kwa jumla. Kwa leo kilikuwa kinanizibia mstari, kwa hiyo nimekifunga kwa uzi wa cherehani. Kanuni ya pili inahusu mwanga wa kutosha, na chumba kina giza kidogo. Ili kuitii, nimehamishia kazi ndani, juu ya meza ya mke wangu ya kukatia vitambaa. Kina cha msumeno sikukigusa. Niliukuta umeshushwa hadi mwisho, nikaheshimu mpangilio wa mwenye mali.

Mkato umenyooka! Mstari mmoja, safi, kutoka ncha hadi ncha. Sijapata kunyoosha kitu hivyo maishani. Ubao umekatika vipande viwili sawasawa.

Meza nayo.

Nimezisoma kanuni zote saba upya, kwa makini. Hakuna hata moja inayotaja meza. Na kwa kweli mke wangu amelalamika mara nyingi kwamba meza moja haimtoshi, na sasa anazo mbili. Kila moja ina miguu miwili, kwa hiyo nimeziegemeza ukutani kwa muda. Inahitajika miguu minne tu. Nimepima ya kitanda chetu, inalingana kabisa, na hawarudi hadi saa kumi na moja.