Mkuu wa Ngazi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamka, nimesali, nimeshuka ngazi. Nimewasalimu watu wa jengo zima. Aliyeitika ni paka. Mlinzi wa getini, tunayemwita Kofia, hata kabla hajafungua mdomo, watu wazima wanamwamkia na watoto wanampigia saluti. Tofauti yetu ni ile kofia tu. Nimelitafakari hilo nikinywa chai. Kikombe kimoja. Cha pili, tangu mke wangu atangulie, nakiosha tu kisishike vumbi. Mungu anisamehe, nimepata wazo.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua kizibao cha mtumba, kile cha njano kinachong'aa, cha watu wa viwandani. Nimekivaa palepale, kwa pupa. Nimesimama chini ya ngazi. Sikuwa na cha kuamuru, basi nikaamuru wanaopanda wapite kulia. Wakapita! Hakuna aliyeuliza nimetumwa na nani. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya nne, msomi yule, alikuwa kushoto. Ameniomba radhi.

Jumatano, 5 Juni
Heshima imezidi. Kila mtu akishanipita anageuka: karibu, mzee, karibu sana. Mama mmoja kanipa ndizi. Binti mmoja kaniuliza kama nimelala salama. Wanangu kwenye simu hawaulizi hivyo. Kofia ananitazama mgongoni na kucheka. Kijicho. Nimemwombea.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi cherehani, mjane mwenzangu, kanivuta kando. Kauliza nimekuwa mgeni tangu lini. Nikamwambia mgeni gani, mama, miaka yote hii tumepakana ukuta. Akasema basi nivue, nijisomee mwenyewe.
Nimevua. Mgongoni, herufi kubwa nyeusi: MGENI. Kumbe ndicho wanachowavisha wageni kiwandani.
Nimekaa nacho kitandani. Nimeishi humu hadi nywele zimeota mvi, na kukaribishwa nimekaribishwa jana.

Ijumaa, 7 Juni
Mlango umegongwa. Nilidhani ni wa jirani. Ni Fundi. Kasema nimpe kizibao, neno lile ataliziba kwa kiraka, na kesho nipite kwake kwa chai. Kasema naye ana vikombe viwili.
Nimepiga magoti, nimemshukuru Mungu. Halafu nikamkimbilia Fundi ngazini, nikamwomba atarizi neno lingine juu ya kiraka. Kakikunja kizibao, kakitia kwapani. Kasema haya, baba.

Jumamosi, 8 Juni
Kizibao kimerudi. MKUU WA NGAZI. Kazi safi. Nimesimama tangu asubuhi. Watu wanapita kulia, macho chini, kimya. Leo hakuna karibu, hakuna ndizi. Fundi kashuka, kasema chai iko mezani na inapoa. Nimemweleza kwa upole kwamba mkuu haachi lindo. Akapanda zake. Upande wa kulia, lakini.
Nimerudi ndani, nimesali, nimeosha kile kikombe cha pili. Nimewaza sana kwa nini watu hawasemi nami. Nimegundua. Sina filimbi.