Sato wa Juu ya Paa na Mwanga Wao

Jumatatu, 2 Juni
Nimesoma kwenye simu kwamba samaki wa kufugwa akipata mwanga saa kumi na nane kwa siku hukua upesi na ku... Bando likaisha hapo hapo. Haidhuru, kukua ndiko nilikokuwa nakutaka. Sato wangu arobaini wako juu ya paa la jengo letu hapa Kariakoo, ndani ya simtanki, kila mmoja saizi ya kiganja. Kipaimara cha binti yetu Brightness ni tarehe 22, na nimeshawatangazia wakwe kwamba kila mgeni atapata sato anayefunika sahani. Shemeji Jovin kacheka. Kasema samaki yuko sokoni Feri, na nikishindwa yeye atakaa meza kuu kando ya baba mkwe, mimi nigawe soda. Nimekubali mbele ya mke wangu Josepha.

Jumatano, 4 Juni
Mzee Umakant, mwenye jengo, ana duka la taa hapo chini. Hali nyama wala samaki, kwa hiyo nilimwambia simtanki ni la maji tu. Nikamwomba taa nne za kufukuza wezi wa maji. Akasema hajawahi kusikia mwizi wa maji ghorofa ya nne, lakini akanipa. Kuzima ni saa sita usiku. Napanda mwenyewe, taulo kiunoni.

Jumanne, 10 Juni
Ushindi! Nusu ya samaki mashavu yamevimba. Wananenepa kuanzia kichwani. Chakula hawagusi, nadhani wameshiba mwanga.

Nikampigia mama mkwe Moshi kabla Jovin hajanisengenya. Nikamwamkia, nikamwambia samaki nawakuza kwa mwanga. Akauliza, mwanga wa nani? Nikamjibu wa Mzee Umakant, tena ni mzuri ajabu, usiku ndiyo kazi yenyewe. Akauliza kama Josepha anajua. Nikasema anajua sana. Akakata simu. Mtandao wa Moshi mbovu.

Jumatatu, 16 Juni
Maji yamejaa vumbi linaloogelea. Nikainama kutazama. Vumbi lote likakimbilia midomoni mwa mama zao. Kumbe yale mashavu hayakuwa mafuta, yalikuwa watoto! Na mama mwenye watoto mdomoni hali, kwa hiyo wamekonda kuliko nilivyowanunua. Josepha kauliza kama wageni nitawapakulia kwa sahani au kwa kijiko.

Ijumaa, 20 Juni
Mama mkwe kafika na katekista na chupa ya maji ya baraka. Shikamoo yangu kaiitikia akiwa ngazi tatu chini. Jirani yetu Candida akatoa ushahidi kwamba kila saa sita usiku mwanamume hupanda paani nusu uchi. Nikaeleza kwamba mwanga ni taa, taa za umeme. Mama mkwe akasema ndivyo wanavyosema wote. Mzee Umakant akapanda kulalamika kwamba anaitwa mchawi, akachungulia simtanki. Samaki walimuuma moyo kuliko uchawi. Kachukua taa zake zote.

Jumapili, 22 Juni
Sato wangu walikaangwa. Sahani ilionekana pande zote. Kila mgeni alifanya ishara ya msalaba, akampasia jirani. Samaki wa Jovin, aliowanunua Feri, waliisha hadi vichwa. Niligawa soda, na hata soda watu waliipokea kwa leso. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Brightness peke yake alikuja na gauni lake jeupe, akala sato wangu mmoja mzima, akasema mtamu. Nilitaka kulia.

Jumanne, 24 Juni
Nimenunua bando, nimemalizia ile sentensi: "na kuzaliana kwa wingi." Wangeanza na hilo.

Chini yake kuna habari nyingine. Kuku wa mayai akiongezewa mwanga hutaga zaidi, lakini... Bando likaisha. Lakini ni neno dogo. Nimeagiza kuku hamsini.

Safari hii nimetumia akili. Nikampigia mama mkwe, nikamwambia mambo ya mwanga nimeacha kabisa, sasa ni mimi na nuru tu, juu ya paa, hadi saa sita usiku. Akauliza kama Josepha anajua. Nikamwambia bado, nataka iwe siri kwanza.

Akakata simu. Mtandao wa Moshi bado mbovu.